Manda Zilizogoma Kubanduka

Alhamisi, kumi la mwisho la Ramadhani. Joto kali. Wingu limetanda tangu asubuhi na wala halinyeshi, na mimi naloa jasho hata nikikaa kitako.

Wenzangu wametoka kwenda tarawehe, nyumba imebaki na mimi na paka. Nyie mnaosoma humu hamnijui jina wala sura, ndiyo maana nawaambia nyie nisiyoweza kumwambia mtu wa hapa.

Nadhani nina mimba.

Nimeandika "nadhani" kwa sababu sijapima. Kipimo kinauzwa Kilindoni, na muuzaji wa duka la dawa ni binamu yake Zuhura, wifi yangu. Kutoka hapa Ndagoni hadi Kilindoni bodaboda inachukua muda wake. Maneno hayachukui muda wowote.

Zimeshaharibika mbili. Ya kwanza tuliifurahia waziwazi, jirani yetu Bi Tatu akaleta na vinguo vya mtoto. Ilipotoka, walewale waliokuja kunipa hongera walikuja kunipa pole, na kila mmoja aliuliza nilinyanyua nini kizito. Ya pili nilimwambia mume wangu peke yake. Naye furaha ikamshinda, akamwambia dada yake, na kufikia Ijumaa nilikuwa naulizwa msikitini naendeleaje. Nayo ikatoka. Sisemi ni jicho la mtu, na sisemi si jicho la mtu. Ninachosema ni kwamba safari hii nimefunga mdomo. Hata mume wangu hajui. Yuko dago, kambi ya uvuvi, kule Shungimbili na wavuvi wenzake, atarudi kwa ajili ya Idi, na habari kama hii siwezi kumpa kwenye simu inayokatika kila baada ya neno.

Lakini Ramadhani haimfichi mwanamke.

Nyumba yetu ni ya wanawake watatu: mimi, Zuhura, na mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu. Mavyaa ni mkali wa saumu. Najua masheikh wanasema mpishi anaweza kuonja na kutema. Mavyaa hataki hata ulimi uguse mwiko. Kwa hiyo kwetu chumvi huonjwa na yule ambaye hafungi, yaani aliye kwenye siku zake. Hakuna anayetangaza kitu. Ukiitwa uonje ukaonja, jiko zima limeshajua. Zuhura ameonja wiki moja, akamaliza, akarudi kufunga. Mimi tangu mwezi uandame sijaonja hata siku moja.

Najua mnachowaza. Ningesema tu nimo kwenye siku zangu, nikala zangu mchana, tumbo likapumzika na siri ikakaa. Nimelifikiria hilo sana, hasa siku zile kizunguzungu kikinishika saa za alasiri. Nimeshindwa. Uongo kwenye Ramadhani ni jambo moja. Jambo la pili ndilo linalonitisha zaidi. Kila nikienda chooni naogopa kuona damu, halafu niseme kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba damu imekuja? Ni kama kuiita. Basi nikaendelea kufunga, nikaendelea kuogopa.

Leo kulikuwa na khitma ya marehemu baba mkwe, na wanaume walikuwa wafuturu kwetu. Sambusa nyingi. Manda za sambusa kazi yangu, sifa ninayopewa hapa ni hiyo. Unasukuma madonge madogo yawe kama visahani, unapaka mafuta na kunyunyiza unga, unayapanga moja juu ya jingine, halafu unayasukuma yote kwa pamoja mpaka yawe duara moja pana. Unaliweka kwenye chuma cha moto, unaligeuza, kisha unabandua karatasi moja moja zingali za moto. Siri iko kwenye kifimbo cha kusukumia. Ukikandamiza katikati, karatasi zinashikana na hazibanduki tena. Kifimbo kinatakiwa kiende chote, sawasawa, na nguvu itoke mgongoni, si viganjani.

Sisi tunasukuma tumekaa kwenye vigoda, kibao katikati ya miguu, unainama nacho mwili mzima. Ndivyo nilivyofundishwa na mavyaa nilipoolewa. Leo nilikisogeza kibao pembeni ya goti, kama nilivyofanya kwa chapati tangu juma lililopita, nikakaa upande, nikasukuma kwa mikono tu. Sikutaka kulikunja tumbo wala kulikandamiza.

Duara la kwanza nikaliweka kwenye chuma, nikageuza, nikashika ncha kubandua. Haikubanduka. Nikavuta, ikachanika. La pili hivyo hivyo.

"Wifi, leo umetupikia magodoro," Zuhura akasema huku anacheka. Kazi yake ilikuwa kuchambua samaki wa kujazia.

Bi Tatu, aliyekuja kusaidia kukaanga, hakucheka. Alinitazama kuanzia usoni akashuka mpaka kwenye kibao. Bi Tatu hana ubaya, ila mdomo wake hauna mlango.

"Umechoka, bibi wee. Na utaachaje kuchoka? Mwezi unaisha huu, wewe sijakuona ukila mchana hata siku moja. Au kuna jambo, tupige vigelegele?"

Zuhura akaacha kuchambua samaki.

Nikainamia kibao. Niliona nikinyanyua uso wataona kila kitu. Nikakandamiza kifimbo kwa hasira, na hapo hapo tumbo la chini likavuta, kamba nyembamba upande mmoja. Nikaganda. Nilitaka kukimbilia chooni na nilijua nikikimbia nimejibu swali. Nikabaki nimekishika kifimbo kwa mikono miwili, nasoma kimoyomoyo dua yoyote iliyonijia, na nyingine nilizisoma nusu.

Mavyaa alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, anamenya vitunguu saumu. Hakunyanyua kichwa.

"Tatu, mwache mwenzio. Huyo leo hafungi." Kisha akaniita kwa jina. "Njoo uonje hao samaki, wasije wakawa chukuchuku mbele ya watu."

Bi Tatu akasema "ah" ya mtu aliyenyimwa kitu, akageukia mafuta yake. Zuhura akarudi kwenye samaki. Kwao suala lilikuwa limekwisha: kumbe wifi yumo kwenye siku zake kama sisi sote.

Mimi nilisimama pale na sikuelewa. Wazo la kwanza lilikuwa baya. Nilifikiri mavyaa ameona doa kwenye kanga yangu. Nikatamani kujigeuza nijitazame nyuma, na sikuthubutu. Wazo la pili lilikuwa kwamba nimefunga, adhana haiko mbali, na naitwa nile mbele ya mtu ambaye hata kuonja na kutema haruhusu.

Nikamtazama. Sasa alikuwa amenyanyua kichwa. "Onja, mwanangu," akasema, polepole, kama mtu anayemvusha mwenzake mahali penye utelezi.

Nikachota kwa kidole. Nikameza.

"Wamekolea, mama," nikasema.

"Haya. Nipe hicho kifimbo, wewe kajaze."

Akakaa kwenye kigoda changu, magoti yakimlia, akakirudisha kibao katikati ya miguu, akaanza upya. Duara lake lilipotoka kwenye chuma, karatasi zilibanduka zenyewe. Mimi nilikwenda chooni kwanza. Hakukuwa na kitu. Nililia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kujaza samaki.

Bi Tatu alipokwenda kwake kuchukua sufuria, na Zuhura yuko uani, mavyaa akanipa kikombe cha uji chenye kifuniko.

"Kanywe chumbani. Tangu juma lile unakimbiza kibao pembeni," akasema. "Mtu haumwi mgongo, haumwi goti, anakikimbia kibao kwa nini? Nikajua. Nilikuwa nangoja uniambie."

Nikamwambia naogopa. Nilisema hivyo tu.

"Najua. Na mimi naogopa." Akafuta unga mikononi. "Kufunga basi. Utalipa baadaye, Mungu hana haraka nawe. Mbele ya watu nikikuita, wewe onja, useme chumvi iko vipi. Hutoi neno jingine. Mwenye maneno nitakuwa mimi."

Kisha akaniuliza kama mwanawe anajua. Nikasema hajui. Akacheka kidogo, akasema afadhali, yule angewahadithia mpaka samaki.

Uji nimeunywa wote. Ulikuwa wa mtama, wenye pilipili manga, na niliunywa nimekaa chini nyuma ya mlango kama mwizi. Ule mvuto tumboni umeshanirudia mara moja tangu hapo, na mara zote mbili nilikwenda kutazama na sikukuta kitu. Hofu haijatoka. Sijui kama itatoka kabla mtoto hajalia. Lakini mwezi mzima nimeibeba peke yangu, na leo nimegundua kuna mtu alikuwa ameshika upande wa pili wala sikumwona.

Wameanza kurudi, nasikia ndara barazani. Mavyaa anamwambia Zuhura apunguze sauti, kuna mtu kalala.

Kila usiku wa mwezi huu nimekuwa nikitia nia ya saumu moyoni kabla ya kulala. Usiku huu nimeitamka nyingine, kwa sauti, mkono uko tumboni: kesho sifungi, kwa ajili yako.