Mate ya Musyoka

Alhamisi. Joto la kungoja mvua, vumbi kila mahali, na mkono wangu wa kushoto umevimba hadi pete imekataa kutoka. Naandika kwa mkono mmoja. Nina hasira, na sijui namkasirikia nani.

Asubuhi nilikuwa mtu mwingine. Mkuu wa idara alinipigia simu kunipongeza: utafiti wangu wa kifafa, niliofanya vijijini Kitui na huku kwetu Makueni, sasa unanukuliwa na wenzetu wa ng'ambo zaidi kuliko kazi nyingine yoyote ya idara. Uprofesa hauko mbali, akasema. Nilicheka peke yangu garini. Miaka yote hiyo ya kuzunguka boma kwa boma nilikuwa na neno moja tu: kifafa hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa povu, si kwa kumshika mtu anapoanguka. Watu huku huogopa mate hayo kiasi cha kumwacha mwenzao aungue jikoni badala ya kumvuta. Nimewatibu walioungua hivyo.

Nikasimama kwenye soko la Salama kununua nyanya, nikielekea kwa mama yangu kule Mbumbuni.

Mwanamume mmoja, shati safi, alikuwa kwenye meza ya muuza simu za mitumba. Akachukua simu moja, akaondoka nayo polepole, akitafuna na hana kitu mdomoni, vidole vikichezea kifungo cha shati. Muuzaji akamwita. Hakugeuka. Nilijua papo hapo. Kuna kifafa kisichomwangusha mtu kila kinapomjia. Akili inaondoka kwa muda, mwili unabaki ukitembea na kuokota vitu. Nimekiandikia kurasa na kurasa. Pale sokoni wana jina fupi zaidi.

"Mwizi!"

Sijawahi kuona watu wakija haraka namna ile. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. Akapigwa teke la goti, akaanguka, na fimbo zikamshukia, rungu, mnyororo wa pikipiki. Nilisikia mbavu zikivunjika. Hakujikinga hata kidogo, na hilo ndilo lililowachoma zaidi; walidhani ni kiburi. Nikajipenyeza, nikamlalia mgongoni, nikipiga kelele kwamba mimi ni daktari na huyu ni mgonjwa. Fimbo iliyomlenga yeye ikatua mkononi mwangu.

"Mathe, toka hapo! Ama mko pamoja?" kijana mmoja wa bodaboda akanifokea. Mwenzake alikuwa akivingirisha tairi.

Nikaeleza. Kweli, nilieleza! Nilianza somo la ubongo katikati ya mawe. Petroli ikanimwagikia kwenye sketi.

Basi nikasema nilichosema.

"Ana kifafa! Mate yake yamewarukia! Atakayemgusa tena ataanguka kama yeye!" Nikarudia kwa Kikamba, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mimi ni daktari wa ugonjwa huu, nawaambia!

Rungu likaanguka chini. Kijana wa bodaboda akaanza kupangusa mikono kwenye suruali, anapangusa, anapangusa, karibu alie. Kufumba na kufumbua tulibaki wawili, mimi na yule mtu, na damu yake ikichanganyika na petroli.

Yuko hai. Anaitwa Musyoka, ni fundi wa viti. Jicho moja sijui kama litaona tena. Hakumbuki kuchukua simu yoyote.

Jioni mkewe, Ndinda, alifika hospitalini na uji. Nilitarajia amkimbilie. Alisimama mlangoni, akaweka chupa sakafuni, akaisukuma kwa mguu kuelekea kitandani.

Musyoka akageuza uso ukutani.

"Mimi nimemshika huyu akianguka tangu tuoane," Ndinda aliniambia. "Nikimpangusa na leso yangu. Watu wakisema, naona ni ujinga tu. Lakini leo Salama yote inasema ni daktari mwenyewe amesema. Na mimi niko na mtoto ananyonya."

Nikamwambia si kweli, nilidanganya ili wasimuue. Alinitazama bila ubaya wowote.

"Sasa nitajua aje ni saa gani unadanganya, daktari?"

Nilichukua chupa, nikamlisha Musyoka kijiko kimoja cha uji, kisha kijiko hicho hicho nikakichovya na kukitia mdomoni mwangu. Ndinda aliona vizuri. Hakusogea.

Kesho narudi Salama kuyakana maneno yangu mbele ya soko zima. Naogopa, niseme ukweli. Maneno hayo ndiyo yatakayomlinda Musyoka siku nyingine akiokota kitu cha mtu, na ndiyo yaliyomnyima mke wake leo. Nani aliwahi kurudisha nusu tu ya uongo?