Kuku Waliokunywa Chanjo

Katoro,
17 Juni 2025

Dada Mbuke,

Shikamoo. Huku mvua zimekata, mpunga tumeshavuna, na Baba Mageni anakusalimu sana.

Nina kuku wapya. Wale wa zamani walichinjwa na kufukiwa wote wiki ileile uliyokuja kumchukua mwanao Loveness hospitali. Sikukulaumu, dada, uliposema hatarudi tena huku. Mtoto alikula mayai ya banda langu, niliyompikia kwa mkono wangu, na siku kumi na moja hakuweza hata kuketi.

Hawa wapya bwana mifugo Edson aliwachanja wakiwa vifaranga. Alifungua kichupa kinachoenea kiganjani, akakimimina kwenye maji, wakanywa wote mia mbili.

Nikamuuliza, "Ndiyo basi?"

Akacheka. "Ndiyo basi, Mama Mageni. Vijidudu vya salmonela, vile vilivyomuumiza mtoto, havitawapata kirahisi. Ila yai lipike liive."

Sikuamini, na walipoanza kutaga nikaenda zahanati. Nesi Yasmini akanionyesha mchoro ukutani: mstari wa wagonjwa wa salmonela ulipanda kama kilima mwaka ule alipougua Loveness, kisha ukashuka tangu wafugaji wa mtaa wetu tuanze kuchanja. Nilisimama nikiufuata kwa kidole mpaka akaniletea kiti. Kuku anakunywa maji, na mtoto wa mtu nisiyemjua analala mzima! Mungu ana njia zake.

Ijumaa nilikaanga yai la kwanza tangu Loveness augue. Nilikula peke yangu, nikasubiri siku nne ndipo nikashika kalamu. Tumbo halijauma. Mruhusu mtoto aje likizo.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Asteria