Pampu Mbili, Kamba Hakuna

Jumapili, 2 Novemba 2025

Naenda! Nimeshasema, tena mbele ya watu, nje ya kanisa, na maneno hayamezwi tena. Jumamosi naendesha kwadi yangu kutoka Awendo, tunapita Ndhiwa, tunashuka bonde la Lambwe, mpaka Homa Bay mjini. Njia za ng'ombe na za matrekta ya miwa, lami hatuigusi. Watu wanane, kwadi nane, na mwanamke ni mmoja tu — mimi Helen, nyanya wa wajukuu wawili!

Kisa ni shemeji Maranga. Tangu ndugu yake afariki, macho yake hayatoki kwenye hii kwadi. Eti mjane ana kazi gani na pikipiki ya magurudumu manne? Eti iuzwe. Na mbolea ifike shambani kwa miguu ya nani, yake? Leo nimechoka. Nimemwambia nikifika Homa Bay kabla jua halijatua, nikiwa mwenyewe kwenye usukani, bila kuvutwa wala kubebwa, asiitaje tena. Nikishindwa, aje achukue funguo. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akakubali. Wazee wa ukoo watakuwa huko kwa harusi, na wote watasimama barabarani kushuhudia.

Marehemu ndiye aliyenifundisha kuiendesha. Nikikaa kwenye kile kiti bado namsikia akinikaripia nipunguze mafuta. Siitoi.

Jumanne, 4 Novemba

Nimetoka Migori kwa Osman, anayeuza vipuri na ndiye atakayetuongoza. Siku tamu! Alimwaga vifaa vyote kwenye turubai, sisi tukachuchumaa kama wanunuzi wa dagaa. Spana, plagi ya akiba, fyuzi, waya wa kufungia. Nilikuwa nimenunua tyubu mbili za akiba, kama watu wa boda. Osman akazishika akatabasamu. "Mama Liz, hii tairi haina tyubu. Na usijaze upepo mpaka iwe ngumu kama ya boda, itakurusha kwa mtaro." Inazibwa kwa kamba ndogo za mpira, unazisukuma kwenye tundu kwa sindano nene. Nikajaribu. Nikaweza mara ya kwanza! Wanaume wawili walirudia mara tatu.

Halafu akaharibu siku. Alisema kwadi haiwezi kubeba duka, kwa hiyo tunakwenda wawili wawili. Mmoja abebe pampu na vifaa vya pancha, mwenzake abebe kamba ya kuvutia na dawa za huduma ya kwanza. Wawili hao hawaachani njiani hata iweje. Akasoma majina. Helen na Levis.

Levis! Mume wa Liz wangu! Mkwe ambaye tangu aoe sijamshika mkono, sijala naye meza moja, na tukikutana njiani mmoja lazima apishe. Nilijua amejiandikisha, Liz alimtuma anichunge kwa mbali. Kwa mbali! Osman hajui miiko yetu Wajaluo ya maro, yaani mama wa mke, na mkwe wake, na sisi wawili tuliona haya kumwambia. Levis alikuwa akitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nikitazama bei ya oili.

Jumatano, 5 Novemba

Liz amepiga simu. "Mama, Levis anauliza utabeba gani." Nikamwambia achague yeye kwanza, ndiye kijana. Baada ya muda akapiga tena. Levis anasema hawezi kuchagua kabla ya maro. Nikasema basi nimempa ruhusa achague. Simu tena: anashukuru sana kwa ruhusa, lakini bado anasubiri maro. Adabu gani hii isiyo na mwisho!

Liz akachemka. "Mama, si muongee tu! Mimi niko job!" Akakata.

Basi nimechukua pampu. Kamba ni nzito, mwanaume ataibeba, hilo halina haja ya kuulizwa. Nimeongeza bandeji kidogo, mtu hajui.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimefunga mizigo, nikafungua, nikafunga tena. Maji, glukosi, karanga, viazi vitamu vya kuchemsha, koti la mvua, tochi ya kichwani, panga. Petroli ya akiba mbali na injini. Jirani yangu Joyline alichungulia akauliza kama ninahama. Nimemwambia ndiyo, nahamia Homa Bay mpaka jioni! Moyo unadunda kama wa msichana. Mvua isinyeshe. Ee Mungu, isinyeshe.

Jumamosi, 8 Novemba. Asubuhi

Haijanyesha! Kwadi imewaka kwa mguso mmoja. Watu wa Awendo wametoka kutuona, dereva mmoja wa lori la miwa amenipigia honi ndefu. Levis yuko kule nyuma kabisa, amenisalimia kwa kuinama bila kunitazama. Twende!

Jumamosi hiyo hiyo. Jioni, Lambwe

Naandika hapa hapa njiani, daftari juu ya paja.

Mpaka Ndhiwa niliruka! Nilipita maji, nilipita visiki vya miwa, nikaziba pancha yangu mwenyewe, Osman akapiga makofi. Lakini Levis hataki kunikaribia, na mimi siruhusiwi kumwacha. Kila nikisimama kumngoja, naye anasimama kule mbali, kwa heshima. Tukabaki nyuma ya wote.

Kwenye kivuko chembamba nilisimama tena, nikamwashiria apite. Akaona ni aibu kupita karibu na maro wake hivyo, akakata kona kunikwepa, akateleza kwenye udongo mweusi mpaka korongoni. Kwadi imezama mpaka kwenye kiti. Kifundo cha mguu kimevimba vibaya.

Nikaita, lete kamba! Akafungua sanduku lake. Pampu. Na bandeji. Aliona kujaza upepo ni kazi ya nguvu, isimchoshe maro, akabeba yeye. Pampu mbili, bandeji za kufunga kijiji kizima, kamba hakuna! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Nilimrushia bandeji zangu, akajifunga mwenyewe.

Nimempigia Osman. Atarudi na kamba, lakini gizani. Nikimngoja, Maranga ana funguo. Nikimbeba Levis sasa hivi, jua litanikuta Homa Bay — lakini kwenye njia hii abiria lazima amkumbatie dereva kiunoni. Mkwe amemkumbatia maro wake, mbele ya wazee wote! Maranga hatahitaji tena kwadi, atakuwa na hadithi ya kula maisha yake yote.

"Maro, wewe enda. Mimi nitangoja."

Nimwache mume wa mwanangu porini na mguu mmoja? Nimemwambia hapana. Nikazima injini, nikakaa. Nimelia kidogo, sitadanganya.

Ameniona. Amekuja akirukaruka kwa mguu mmoja, macho chini. "Mimi ndio nilifaa kuuliza nani amebeba kamba. Washa, Maro."

Sasa ameketi nyuma yangu, ameshika chuma cha mizigo kwa mikono yote miwili, mwili ameurudisha nyuma kama mtu anayevuta ndama. Mbele yetu kuna mteremko wa mawe, na pale chuma hakitamtosha.

Simu imeita. Maranga. Wenzetu wameshafika, wazee wamesimama barabarani, anataka kuniona kwa macho yake. Nimemwambia ayafungue vizuri.

Levis amesikia. Nimesikia mikono yake ikiachia chuma. Sijui kama anashuka au ananishika, na mimi sigeuki. Naweka daftari, nashika usukani.