Pimamaji Uliyonitumia

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba lile goti limeacha visa. Sisi huku hatujambo. Mkweo anawaamkia, ingawa amenuna kidogo, na sababu utaijua sasa hivi.

Mashine ya kukereza vyuma imefika, Baba! Mpya kabisa, ina grisi ya kiwandani hadi kwenye vishikio. Watu sita waliishusha, na mlango wa stoo ilibidi ung'olewe pamoja na fremu yake. Mkweo aliniuliza kwa upole kama chumba cha kulala nacho ninakihitaji. Nilimjibu kwamba nitamjulisha. Zege tulilimwaga mapema, likakaa wiki nne kama ulivyoagiza.

Siku ya kuisimamisha nilifungua kifurushi chako. Nilipoikuta pimamaji yako imeviringishwa ndani ya ovaroli lako la bluu, nililia, sikufichi. Nikapima kama wewe upimavyo: upande wa mota nikisimama mbele ya mashine, upande wa pili nikizunguka nyuma, maandishi ya pimamaji yakinitazama mimi kila mara. Nikaweka vibati vyembamba chini ya miguu ya mashine, nikakaza boliti mpaka kiputo kikatulia katikati pande zote mbili.

Kisha nikakereza kipande cha majaribio. Mikromita ikasema ncha moja ni nene kuliko nyingine. Nikalegeza boliti zote, nikaanza upya. Mara ya tatu nikaitukana mashine mpaka mkweo akaja kuchungulia. Yeye hajui boliti wala msumari, lakini aliuliza hiyo pimamaji nayo hupimwa na nani. Nilitaka kumcheka. Badala yake niliigeuza palepale ilipolala, kichwa kikawa mkiani. Kiputo kilikimbia pembeni na hakikurudi: pimamaji ilikuwa inadanganya, na kwa kuwa nilipozunguka nyuma niliigeuza, uongo wake uliinua ncha moja ya mashine mbele na nyingine nyuma, ikapinda.

Nilikaa chini kwenye zege, Baba, na asubuhi moja ya zamani ikanirudia.

Unakumbuka mwaka wangu wa kwanza chini yako, tulipohamisha mashine yako kwenda banda la nyuma? Asubuhi ile ulikwenda kunywa chai, ukaniachia pimamaji nikaifute. Iliniponyoka ikaanguka sakafuni. Kioo hakikupasuka, nami nikajiambia haina neno. Niliifuta, nikairudisha kwenye sanduku lake, na uliporudi ukaitumia kusimamisha mashine. Nilijua kwamba ikianguka ni lazima ipimwe upya, maana wewe ndiye uliyenifundisha. Niliogopa macho yako tu. Mimi ambaye nyumba nzima inaniita Kidomo kwa kushindwa kufunga mdomo, hilo nililifungia miaka kumi na moja.

Baada ya miezi miwili nilipata kazi kiwandani, nikaondoka. Mama ndiye aliyeniandikia kwamba shafti za pampu ulizowakerezea wateja zimerudishwa zote, nene huku na nyembamba kule, na kwamba umesema macho yamekwisha, huwezi tena kuiamini mikromita unayoisoma. Ukafunga banda. Nilisikitika pamoja na wengine, nikakutumia miwani. Miwani, Baba! Kuanguka kule sikukukumbuka hata mara moja, au labda sikutaka kukukumbuka.

Macho yako hayakuwa na kosa. Mikromita uliisoma sawasawa. Kitanda cha mashine yako kilikuwa kimepinda kwa sababu yangu, na kazi yako nzuri ikaharibikia juu yake.

Nimeazima pimamaji nyingine kazini, na sasa mashine inakereza vizuri. Ndani ya kifurushi hiki kuna kipande cha chuma. Nimekipima mahali patatu na vipimo nimeviandika kwenye karatasi iliyokunjwa. Nakuomba usiifungue kwanza. Chukua mikromita yako, pima mwenyewe, andika unachokisoma, kisha ndipo uifungue.

Ukitaka kunigombeza, nigombeze. Sitajitetea. Ukitaka kuja, ovaroli nimelifua na nimelitundika karibu na mashine, na mkweo amekubali kuhamisha vitabu vyake ili upate chumba.

Mwambie Mama namwamkia sana, na mbele yake usinifichie kosa langu. Nakuombea afya, Baba, na nakuomba radhi.

Mimi mwanao,
Kidomo