Shikamoo Niliyompa Mwizi

Alhamisi, Mikumi. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na moyo wangu mzito.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: nilimjua yule mwizi kabla sijamwamkia.

Watu hapa wanajua nusu tu ya habari. Jioni ile umeme ulikuwa umekatika. Mwanamume aliyejifunga fulana usoni alivunja mlango wetu wa nyuma, nondo mkononi, ananuka gongo. Mimi nikasema, "Shikamoo." Akajibu, "Marahaba." Kisha akampiga mama mkubwa nondo ya mkono, mfupa ukavunjika, akatoka mbio na simu ya mama mkubwa.

Madereva wa malori wanaokula chapati za mama mkubwa huicheka sana shikamoo ile. "Binti una adabu mpaka basi! Si ungemkaribisha na chai kabisa!" Mama mkubwa naye hucheka. "Mwacheni mwanangu. Bila shikamoo yake tungeijuaje sauti ya Baba Rehema?" Mimi huinama nikaendelea kuosha vikombe. Wanadhani ni haya.

Si haya.

Baba Rehema ni jirani, ndiye aliyekuwa akiziba pancha za baiskeli yetu. Kabla hajafungua mdomo nilikiona kwa mwanga wa kibatari kidole gumba chake, kile chenye ukucha mweusi uliobanwa na ringi ya lori. Nikawaza: nikimwamkia atajua nimemtambua, ataona aibu, ataondoka.

Alisimama. Marahaba yake ilikuwa ileile ya siku zote, ya upole. Halafu nikaona macho yake yakielewa. Nondo iliinuka baada ya hapo.

Ningenyamaza, labda angechukua simu akaenda zake.

Leo tulikwenda Kilosa kusikiliza hukumu. Baba Rehema aliomba ahurumiwe. "Mheshimiwa, ni pombe. Sikumbuki hata kuingia mle ndani." Hakimu akamwambia gongo halikuvunja mlango, aliyevunja ni yeye. Miaka saba. Nilidhani mama mkubwa atafurahi. Aliusugua tu mkono wake, ambao mpaka sasa haunyooki vizuri.

Nje, Mama Rehema alikuwa amekaa kwenye ngazi, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Nikampita nikitazama chini.

"Mwanangu, siku hizi hunisalimii?"

Nililia mbele yake, mimi ambaye aliyefungwa si mume wangu wala si baba yangu. Akanitazama, akasema, "Haya nenda, basi litakuacha."

Njia nzima nilitaka kumwambia mama mkubwa. Niliogopa atanichukia. Kisha nikaogopa zaidi kwamba atanisamehe palepale, kwa kicheko, kabla hajanielewa.

Kuna saa najiambia nondo ilikuwa mkononi mwa Baba Rehema, si mwangu. Kuna saa siamini. Mtu akijaribu kumwaibisha mlevi ili aondoke, amekosea nini? Najiuliza hivyo, halafu namsikia mama mkubwa jikoni akikanda unga kwa mkono mmoja.

Nitamwambia mwenyewe. Sijui lini, ila nitamwambia mimi. Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, kama unapita Mikumi na unakula kwake, kula ushibe, msifie chapati zake, uondoke. Tafadhali, usimwambie.