Walipouliza Nani Anaendesha Jipu

Yaya Mapendo,

Ni mimi, Byamungu, mdogo wako. Nakuandikia kutoka Nyamianda, kwenye meza ya Mama. Yeye yuko nje anaanua mihogo. Akiniuliza ninaandika nini, nitasema ninasahihisha madaftari ya wanafunzi. Nimekuwa hodari wa kumwambia uongo, Yaya. Hilo ndilo lililonikalisha hapa.

Kwanza habari za nyumbani. Mwanao Neema ameota tena meno ya mbele. Shule imefunguliwa tena, ingawa madawati mengi yaligeuzwa kuni. Akina mama wa Mulongwe, uliokuwa ukiwapakilia samaki, sasa wanabeba ndagala zao kichwani mpaka Kiliba, na wakiniona wanasema, "Kama dada yako angekuwepo." Mimi huwa ninainama, kama mtu aliyeangusha kitu.

Nakumbuka siku ulipoileta ile jipu. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Mzungu wa mashamba ya pamba alikuwa akikimbilia Usumbura na motokari yake nzuri, akakuachia ile kuukuu kwa bei ya kutupa. Alikueleza kwamba iliundwa kwa ajili ya vita vile vikubwa vya kwao, ikaja huku na jeshi la Wabelgiji, na ilipochoka jeshi likaiuza kwa watu wa pamba. Haikuwa na milango. Mama alishika kiuno. "Wenzako wananunua mabati, weye unanunua jipu! Utalitumbua lini?" Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Uliipaka buluu, rangi iliyobaki baada ya kupaka mtumbwi wa mjomba. Chini ya kioo palikuwa na vishikio viwili vya chuma vya kulazia bunduki. Wewe ulilaza mwavuli.

Mwanamke wa kwanza Uvira kuendesha motokari! Wanaume walisema itakushinda. Ukaipandisha mpaka pale barabara inapoishia chini ya milima, na wachungaji wa ng'ombe wa Bijombo wakazoea kukusubiri hapo. Siku ile walipomteremsha mwanamke mwenye uchungu kwenye machela, wanaume wanne jasho linawatoka, hatukufika naye hospitali. Alijifungua juu ya magunia yako. Ulisema, "Mtoto huyu hataogopa harufu ya ndagala maisha yake yote."

Nami ulinifundisha. Pale kwenye mchanga, mto Mulongwe unapoingia ziwani. "Usipigane nayo, Byamungu. Iulize inataka nini." Nilijua, Yaya. Niliweza kuiendesha vizuri kabisa.

Sijawahi kuandika hiyo sentensi.

Asubuhi ile waasi walipoingia uani kwetu, mimi ndiye niliyekuwa nimetoka kuirudisha kutoka sokoni. Mikono yangu bado ilinuka mafuta. Walikuwa sita, wengine wamevaa majani kichwani. Mkubwa wao akapiga boneti kwa kiganja. "Hii motokari iko ya nani? Nani anaendesha?" Akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye mwanaume. "Weye?"

Nilitazama viatu vyangu.

Hukunisubiri hata kidogo. Ulitoka jikoni unajifuta mikono kwenye kitenge, ukasema, "Miye niko naendesha. Huyo ni mwalimu tu, hajui hata kuwasha."

Ulijua kwamba wakinichukua watanipa na bunduki, nami nitakufa haraka. Au uliona uso wangu, sijui. Ningeweza kusema neno moja. Neema alikuwa ameng'ang'ania mguu wangu, na mara nyingi nimejiambia kwamba ni kwa ajili yake nilinyamaza. Si kweli. Niliogopa. Ulipokaa kwenye usukani, mmoja wao alitupa mwavuli wako chini, akalaza bunduki yake pale. Ikakaa sawasawa, kama iliyorudi kwao.

Nilikuona mara moja tu baada ya wao kukuchukua, kwenye daraja. Jipu imepakwa matope, nyuma wamelazwa majeruhi. Uliinua mkono bila kusimama. Mimi nilisimama pale mpaka vumbi likatua, sikujua nikimbilie wapi, nimwombe nani.

Halafu habari ya ndege ya jeshi la serikali ikafika. Ilikuwa inapiga kila motokari iliyoonekana barabarani, haikuuliza nani yumo.

Nilisubiri jeshi lirudi ndipo nikaja kukutafuta, kwa miguu, mpaka karibu na Sange. Niliikuta imelala ubavu kwenye mfereji. Buluu yako ilikuwa imebabuka kwa moto, na chini yake kijani cha askari kimejitokeza tena. Mama mmoja mkulima aliyekuwa anapalilia karibu alinionyesha mahali. Alisema, "Tuliwazika watatu pamoja, baba. Hatukuwa na nguvu za kuchimba makaburi matatu." Nikamwuliza wewe uko upande gani. Akatazama udongo, akatikisa kichwa. Aliniachia jembe lake nikasafisha majani. Hicho tu ndicho nilichoweza kukufanyia. Sikuweza kukurudisha nyumbani.

Nimepita tena mwezi uliopita. Injini imechukuliwa na askari. Springi zimefuliwa majembe, matairi yamekatwa viatu. Sikumzuia yeyote. Ningewaambia nini?

Sasa jambo lenyewe, Yaya. Nilimwambia Mama kwamba siku ile nilikuwa shuleni. Yeye alikuwa shambani, hakuna wa kunipinga ila Neema, na Neema hasemi neno juu ya siku ile. Jana Mama aliniwekea mkono kichwani, akasema, "Najua, mwanangu. Kama ungekuwepo, ungeenda weye." Akaniombea baraka. Nilipiga magoti pale nikazipokea.

Siwezi tena. Mtoto wako ananitazama nikila.

Basi pumzika, Yaya, wewe na hao wawili usiowajua. Siwezi kukuahidi jiwe la kaburi, siwezi kukuahidi kwamba vita havitarudi. Nakuahidi hili moja. Mama ameshaingiza mihogo, ninamsikia anaosha mikono. Nikiweka kalamu chini nitamwita, nitamwita na Neema, nami nitamwambia kwamba nilikuwepo, kwamba niliulizwa mimi, na kwamba nilijua kuendesha.

Mdogo wako,
Byamungu