Dirisha Uliloniomba

Da Zuhura,

Adhana ya magharibi jana ilinikuta bado lindoni. Nikatazama saa, kumi na moja na nusu, nikasema peke yangu, "Wametukata tena." Maneno yako hayo. Zamani niliyacheka, siku hizi yananitoka mdomoni bila kuitwa.

Sijui barua ya marehemu hupitia wapi, na sina wa kumuuliza asinione nimepungukiwa. Naandika kwenye daftari la zamani la lindo, lile la namba za magari, limebaki kurasa za mwisho. Nimechoka, kwa hiyo usinitafutie mpangilio. Nitakueleza yanavyokuja.

Kwanza habari za chumbani. Mama Neema hajambo. Bado yuko jikoni kwenye ule mgahawa wa Oud Metha, bado miguu inamvimba, na bado baridi ikiingia anakuwa mtu mwingine. Unamjua. Upepo wa kwanza wa Novemba tu, anaanza mapambio ya kanisani, anaimba kutoka bafuni mpaka kwenye friji, anatuhubiria jinsi kwao Makete umande unavyoganda kwenye majani na watu wanakwenda shamba vilevile, eti sisi tunavalia sweta baridi ya kuchezea watoto. Wiki iliyopita alichemsha chai ya tangawizi sufuria nzima, akasema, "Sasa ndiyo Mungu amekumbuka kwamba tuko huku kwa Waarabu." Akakitoa kikombe chako kabatini, akakishika kidogo, akakirudisha.

Nami nikwambie ukweli, nilifurahi pia. Hili ndilo linalonichosha kuliko yote. Nilidhani baada yako sitaipenda tena baridi, lakini mwili hauna haya. Wewe uliniona nikirudi mwezi wa saba, shati limekauka chumvi mgongoni, nikijilaza kwenye vigae vya sakafuni kabla hata ya kuvua viatu. Mtu anayesimama kutwa nje ya kliniki akionyesha magari pa kuegesha, baridi kwake ndiyo likizo. Hata giza la mapema nililipenda. Kwangu lilikuwa na maana moja tu, kwamba jua limeniachia. Nilitoka lindoni nikitembea polepole, nikanunua chai yangu ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki, njiani, nikafika chumbani na maneno tele mdomoni.

Nawe ulikuwa umeshashuka kwenye gari la kampuni, umekaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado mguuni, unatazama ukuta.

Mwaka wa kwanza nilidhani unajisikia. Mwaka wa pili nikadhani una ugomvi na watu wa kwenu Pangani na hutaki kusema. Mwaka wa tatu nikaacha kudhani, nikakupa jina. Nilikuita Bi Kuku, kwa sababu giza likiingia tu, wewe unalala. Ulicheka mara mbili tatu za mwanzo. Baadaye ulikuwa unatabasamu tu.

Sikujisumbua kuhesabu saa zako. Sasa nimezihesabu. Gari la kwenda Jebel Ali lilikuchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri. Lile ghala la manukato mlilokuwa mkifungasha halikuwa na dirisha, ulisema hata la kupita paka. Ulirudi saa kumi na mbili na nusu jioni. Kiangazi ulikuta bado kuna mwanga, ukakaa pale nje kwa muuza duka ukila barafu na kuwataja wapita njia. Lakini kuanzia Novemba mpaka Februari ulitoka gizani, ukafanya kazi chini ya taa, ukarudi gizani. Jua ulionana nalo Jumapili tu.

Kwetu jua halina mambo haya. Linazama saa kumi na mbili na dakika zake, masika, vuli, kiangazi, mtu anazaliwa mpaka anazeeka hajawahi kulihoji. Ndiyo maana ulibandika ratiba ya sala kwenye friji, ukawa unaisoma kila jioni mistari ya magharibi. "Leo wametukata dakika moja, Mwaju." Ukifika mwezi wa kwanza uso unafunguka kidogo: "Leo wameturudishia." Nilidhani ni ucha Mungu. Mama Neema naye alidhani ni ucha Mungu, akakusifu.

Kuna mara moja ulijaribu kunieleza. Ulikuwa unamenya vitunguu, hukuniangalia. Ulisema, "Giza la huku linanikaa kifuani, mdogo wangu. Si huzuni. Ni kama mtu ameniwekea gunia." Nikakujibu uzidishe uradi, tena usinywe chai baada ya alasiri. Nilijibu haraka haraka, simu mkononi.

Jumapili ulikuwa ukibeba kile kiti cha plastiki mpaka darini, katikati ya matangi ya maji, ukakaa umelielekezea jua uso, macho umefumba. Nikapanda kuanika nguo nikakukuta. "Da Zuhura, unajianika kama dagaa." Ukasema bila kufumbua macho, "Wacha nikauke, nisije nikaoza."

Halafu lile la dirisha.

Unajua sheria ya chumba. Aliyekaa zaidi ndiye mwenye kitanda cha dirishani, umri hauhesabiki, na mimi nilikutangulia wiki tano. Mama Neema alikuja baada yangu, akapata cha kati, wewe ukabaki na kile cha nyuma ya kabati. Ile Novemba ya mwisho ulinisubiri nimalize kula, ukaniambia taratibu, "Mwaju, niazime dirisha mpaka mwezi wa tatu tu. Kisha nakurudishia." Nami nikacheka. Nakumbuka sauti ya kicheko changu. Nikasema, "Dirisha lenyewe linatazama ukuta wa watu. Na wewe unatoka kabla ya jua, unarudi baada ya jua, dirisha la nini?" Mama Neema akacheka pia. Ukasema, "Kweli," ukaenda kuosha sahani, yangu na yako.

Hukuniomba tena. Ijumaa iliyofuata ulirudi na kitambaa kizito cha buluu, ukakishona kwa mkono, ukakitundika kwa kamba kuzunguka kitanda chako. Ikawa ukifika, unasalimia, unakula kidogo, unashusha pazia.

Na pazia, Da Zuhura, sisi wa vyumba vya kupanga kitanda tunaliheshimu kuliko mlango. Huna kingine chako hapa. Bafu la wote, jiko la wote, hata kikohozi chako ni cha wote. Pazia la mtu likishuka, humsemeshi, humgusi, hata chakula unamwekea nje kimyakimya. Tulikuheshimu. Tulikuheshimu mpaka ukatushinda.

Ile wiki ya Januari ulikohoa. Alhamisi ulikohoa, Ijumaa ukakohoa, Jumamosi ukaenda kazini hivyohivyo, ukarudi ukashusha pazia. Tukasema ndiyo kawaida yake, ni giza tu, Februari atakuwa sawa. Jumapili jua lilikuwa zuri sana. Nilikuwa nimealikwa na wenzangu wa lindo kwenda kuchoma nyama bustanini, unajua siku zile mji mzima uko nje. Nikapita nikiwa nimeshavaa. Nikasema nje ya pazia, "Da Zuhura, jua lako linakungoja darini." Ukachelewa kujibu. Kisha: "Nimechoka tu, mdogo wangu. Nenda."

Nikaenda.

Hiki ndicho kinachonila. Tangu nikujue hukuwahi kuiacha Jumapili ya jua, hata moja. Nilijua. Nilisimama pale mkono ukiwa karibu na kile kitambaa, nikajiambia pazia ni pazia. Na sikutaka kuchelewa nyama.

Niliporudi magharibi sahani aliyokuwekea Mama Neema ilikuwa palepale chini, wali umekauka. Tukanong'ona ili tusikusumbue. Jumatatu alfajiri dereva akapiga honi, akapiga tena, akapiga simu, simu ikalia ndani ya pazia na haikupokelewa. Ndipo nikafungua. Ulikuwa macho, unapumua kama mtu aliyepanda ngazi, midomo imekubadilika rangi. Ulinitambua. Uliniomba radhi kwa kutuamsha.

Hospitali walisema ni mapafu, nimonia, na kwamba umechelewa. Siku ya tatu ukaondoka. Nduguzo wa Pangani wakasema ardhi yote ni ya Mungu, usicheleweshwe, ukazikwa hukuhuku. Mama Neema ananiambia kila ninapoanza, "Khalas, yatosha, mwanangu, hukujua." Ni kweli sikujua nimonia. Lakini kile kingine nilikijua, nikakifanya mzaha miaka mitatu. Na mzaha ule ndio uliotufanya tusishtuke. Nisamehe, Da Zuhura. Nimelisema hili mara nyingi moyoni, nimeona niliweke kwenye karatasi.

Sasa nikwambie lililonifanya nikae kuandika.

Kitanda chako kilikaa bila mtu mpaka Agosti. Akaja binti Mkenya, Faith, wa Kakamega, anafungasha vipuri vya magari ghalani kule Ras Al Khor. Mcheshi, mdomo haufungi, Kiswahili chake nusu Kiingereza, anamwita Mama Neema "mathe" na mama anapenda. Kiangazi kilichobaki alituchekesha. Pazia lako alilikuta, akauliza kama anaweza kulitumia. Nikasema ndiyo.

Novemba ilipoingia akaanza kunyamaza. Nikaona nikajifanya sijaona. Siku moja akarudi, akakaa ukingoni mwa kitanda, viatu mguuni, akitazama ukuta. Da Zuhura, nilishika mlango. Mwingine angesema ni uchovu, na Mama Neema alisema hivyo, "Mwache, atazoea." Akala kidogo. Akashusha pazia.

Ikawa hivyo siku nne. Siku ya tano nilitoka lindoni nimechoka hata sikununua chai. Pazia limeshashuka. Nikasimama palepale niliposimama ile Jumapili. Nikaita jina lake. Akajibu, "Niko poa, sista. Ni vile nimechoka tu."

Nilifungua pazia. Najua sheria. Mama Neema alishtuka nyuma yangu, akaacha kuimba. Faith alikuwa amejikunja na jaketi la kazini, si mgonjwa, hana homa, nilimshika paji la uso bila kumwomba ruhusa. Akanikasirikia, akasema, "Aki, hata hapa mtu hawezi pata privasi?" Nikakaa kitandani kwake. Nikamuuliza analiona jua saa ngapi. Akaanza kujibu kwa hasira, akatafuta, akahesabu kwa vidole, hakupata. Kisha akalia, kwa muda mrefu, na mimi nikakaa.

Nilimweleza habari zako. Zote, na la dirisha.

Jumamosi tukahamisha vitanda. Mama Neema alishika kichwa, akasema nimevunja utaratibu na wa kesho naye atadai, kisha akavua kandambili akasukuma godoro pamoja nasi. Faith yuko dirishani sasa. Sijui kama litamsaidia. Ni kweli linatazama ukuta wa watu. Lakini kuna kitu sikukwambia, na leo nakwambia. Asubuhi za baridi, kuanzia saa moja na nusu, jua linaupiga ule ukuta mweupe na mwanga unaruka unaingia ndani, unakaa kwenye mto kama nusu saa. Jumapili zote zile mwanga huo ulikuwa unaingia. Mimi nilikuwa nikijifunika shuka usoni ili nilale.

Hili pazia nimelibakiza. Mtu anahitaji mahali pa kujificha, sitasema uongo. Ila likishuka la yeyote humu, mimi nitauliza, na akinijibu kwamba amechoka tu, nitauliza tena. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, sina kubwa zaidi. Kiti chako cha plastiki nimekipandisha darini asubuhi hii, yule binti amekikalia, na kichwa kimeangalia juu.

Lala salama, dada yangu. Mungu akupanulie ulipo, akuwekee mwanga usiokatwa dakika.

Mimi niko kitandani kwako, nyuma ya kabati. Ni saa nne asubuhi, nje kunawaka jua, na nimewasha taa ili nione ninachoandika.

Mdogo wako,
Mwajuma